Geuza ndani kwanza: Jumamosi moja katika mitumba ya Karume

Kijana mwenye kisu alikata ukanda wa kwanza wa belo, na watu waliokuwa wamelizunguka wakasogea hatua moja. Akakata wa pili. Wa tatu ulipoachia, mzigo ulioshindiliwa kwa mashine ukavimba na kuchana nailoni yake, na harufu ambayo kila mnunuzi wa mitumba anaijua, ya vumbi, dawa na kabati la watu wa mbali, ikatufikia sote. Kufumba na kufumbua, mikono ishirini ilikuwa ndani. Mwenye mali alipanda juu ya kiti, akawa anazipokea nguo moja moja, anazikung'uta hewani na kutaja bei: "Elfu nane hiyo! Elfu tano! Hiyo kumi, dada, tazama kola!"

Nilitaka kujitosa. Shangazi akanishika kiwiko.

"Tulia, mwanangu. Wanaokimbilia wanachagua rangi. Sisi tumekuja kutafuta mshono."

Ilikuwa Jumamosi, saa moja asubuhi haijatimia, katika soko la Karume, Mchikichini, jijini Dar es Salaam. Maguta na kirikuu zilizosheheni mabelo zilikuwa zinapenya vichochoroni, vijana wakipiga miluzi watu wapishe. Mama lishe walikuwa wameshainjika sufuria za supu. Soko hili, lililo jirani na uwanja wa mpira wenye jina hilohilo, liliteketea kwa moto usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 16 Januari 2022, na wafanyabiashara waliolala na mtaji wakaamka na majivu. Ukipita leo ukaona meza zimebanana, mashati yametundikwa hadi darini na redio zinashindana kwa sauti, kumbuka kwamba wengi wa watu hawa wameanza upya kutoka sifuri.

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Ameshona kwa zaidi ya miaka 40, na bado huifuta mashine yake kwa kitambaa safi kila asubuhi kabla hajatia uzi. Safari hii alikuwa na hitaji moja: vifungo vinane vinavyofanana, vya gamba la chaza, kwa ajili ya gauni la sendofu la mjukuu wake. Kariakoo kuna vifungo vya plastiki vya kila rangi. Alivyovitaka yeye huvipata kwenye nguo za zamani tu, ambazo wenzetu wamekwisha kuzivaa. Nami nilikuwa na hitaji langu. Tangu nikiwa darasa la nne hakuna mtu aliyenifundisha kutazama kitu kama yeye, na nilitaka nimfuate siku nzima nikiwa na kalamu.

MBUZI KWENYE GUNIA

Anayenunua belo hununua mbuzi kwenye gunia. Belo la kawaida lina uzito wa kilo 45, na juu yake pameandikwa aina ya nguo na gredi, basi. Mfanyabiashara analipa laki kadhaa, anapakia kwenye guta, na hajui alichonacho mpaka kisu kipite. Ndani mnaweza kuwa na magauni ya hariri yasiyo na doa, au mashati yaliyofubaa kwapani. Mama mmoja anayeuza magauni alitusimulia kwamba aliwahi kufungua belo akakuta karibu nusu yake ni nguo za wajawazito. Hakulia. Alizibeba mpaka nje ya kliniki ya mama na mtoto, akaziuza moja moja kwa wiki tatu, mtaji ukarudi.

Siku ya soko ina saa zake. Wanaowahi alfajiri ni wale wanaokwenda kuuza tena: wenye maduka ya Sinza na Kinondoni, na vijana wanaozipiga nguo picha na kuziuza kwa simu. Wao huchukua nguo za kwanza na hulipa bei ya kwanza. Kufikia saa nne zilizobaki zimeshatundikwa kwenye hanga au kupangwa mezani, na bei ni maelewano. Alasiri zile zilizokataliwa humwagwa chini juu ya turubai, na hapo wimbo hubadilika: buku, buku, buku. Jua likikaribia kuzama, jero.

Shangazi hupita mara mbili. Asubuhi hutafuta kitambaa, alasiri hutafuta vifungo. Nguo iliyochanika mgongoni haina mnunuzi, lakini vifungo vyake havikuchanika.

KAFA ULAYA

Kabla ya kuanza mzunguko tuliketi kwa mama lishe, tukaletewa chapati na chai ya rangi iliyokolea tangawizi. Nikamuuliza shangazi ilikuwaje siku za mwanzo.

Alikuwa msichana wa sekondari mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita ya Kagera ya 1978 hadi 1979 ilikuwa imekwisha, fedha za kigeni zilikuwa hazionekani, na viwanda vilikosa vipuri. Kanga ilipangiwa foleni kama sukari. Duka la kaya likipata mzigo habari zilifika mtaani kabla ya lori, na mtu aliyerudi na doti moja aliipeleka kwanza kwa mama yake. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na nguo kuukuu zilizokuwa zikiingia kwa njia za panya au kupitia misaada zikaanza kuuzwa mchana kweupe.

"Tuliziita kafa Ulaya," alisema. "Tuliamini kabisa kwamba mwenyewe amekufa. Kwa akili ya kawaida, nani anatoa koti zima, lenye bitana, lenye vifungo vyote, akiwa hai?"

Jina hilo lina ndugu zake barani. Ghana huitwa *obroni wawu*, yaani mzungu amekufa. Waakan wa Ghana na Waswahili hawakukaa kikao, ila kila mmoja alilitazama lile koti zima na kufikia uamuzi uleule. Wengine waliipa biashara hii jina la kazi ya mikono. Zambia ni *salaula*, neno la Kibemba la kupekua lundo na kuchagua. Rwanda ni *caguwa*, ambalo ni neno letu wenyewe, chagua, lililovuka mpaka pamoja na mzigo. Na mtumba wenyewe ni mzigo uliofungwa, kabla haujafunguliwa na kuonekana una nini.

Sasa tunajua kwamba hawakufa. Waliichoka nguo, au walihama nyumba, au msimu ulipita. Kuna wanaozipeleka kwenye masanduku ya misaada kwa moyo safi, na kampuni huzinunua kwa kilo, huzichambua Ulaya au katika maghala makubwa ya Sharjah, kisha huzishindilia na kuzipakia melini. Shangazi alikung'uta makombo ya chapati kwenye kanga yake. "Bora wangekuwa wamekufa," alisema. "Nguo iliyoachwa na marehemu mtu huivaa kwa adabu. Hizi za siku hizi ukizitazama unaona hazijapendwa na mtu yeyote, hata huko kwao."

KUSOMA NGUO

Somo lake lina kanuni moja tu: geuza ndani kwanza. Nje ni maneno ya muuzaji. Ndani ni maneno ya aliyeshona.

Alichukua shati la mikono mirefu, akaligeuza na kuvuta mshono wa ubavuni kwa vidole gumba viwili. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa pande mbili na kushonwa mara mbili, pasipo uzi ulioning'inia wala ukingo uliobaki wazi. Hii ndiyo namna ya zamani ya kushona mashati ya kazi na suruali za jinzi. Inakula kitambaa na muda, lakini haiachii. Shati la pili lilikuwa limepigwa ovaloki tu, kwa haraka, na alipovuta, matundu ya sindano yakafunguka kama meno. Akalirudisha polepole, akamshukuru muuzaji.

Kisha pindo. Katika gauni au sketi nzuri ya zamani pindo hukunjwa inchi mbili, wakati mwingine zaidi. Katika nguo nyingi za sasa ni nusu inchi, maana kila inchi ni fedha ya mwenye kiwanda. "Pindo ni akiba," alisema. "Mtoto atarefuka, mama atanenepa, mtindo utabadilika. Aliyeacha kitambaa hapa alijua kwamba kuna kesho." Wazee walisema akiba haiozi, na mimi sikuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kuivaa.

Kisha michoro. Kitambaa chenye mistari au maua makubwa kikikatwa ovyo, mchoro huvunjika kwenye mshono. Kikikatwa kwa uangalifu, mstari wa mbele hukutana na wa nyuma ubavuni kana kwamba haukukatwa. Hilo nalo linakula kitambaa, na aliyelifanya aliamua kwamba macho ya mvaaji yana thamani ya vipande vilivyobaki sakafuni.

Mimi nilikuwa na somo langu la kumfundisha, la lebo, na alilipokea kwa furaha. Lebo ikisema nguo imetengenezwa Ujerumani Magharibi, ilishonwa kabla ya tarehe 3 Oktoba 1990, siku nchi hizo mbili zilipoungana. Nembo ya sufi halisi, ile inayofanana na uzi uliosokotwa, ilianza kutumika mwaka 1964, hivyo koti lenye nembo hiyo haliwezi kuwa la kabla ya mwaka huo. Suruali ya Levi's ambayo kitambaa chake chekundu cha mfukoni kina jina lililoandikwa kwa E kubwa ni ya kabla ya mwanzo wa miaka ya 1970, wakati kampuni ilipobadili na kuweka e ndogo. Kuna watu duniani wanaotafuta hiyo E kama wachimbaji wa Mererani wanavyotafuta tanzanaiti. Nilimwonyesha kijana mmoja mwenye meza ya jinzi. Alichambua mali yake yote, hakuipata, akanihakikishia kwamba tangu leo belo halitapita bila kuitazama.

Kwenye meza za mikoba na mikanda nilijifunza jambo ambalo sikulitegemea. Shangazi alitoa pochini sumaku ndogo, ile anayookotea pini zinapomwagika sakafuni, akaigusisha kwenye bako la mkanda mmoja wa kiume. Ikanasa. Akagusisha kwenye wa pili. Haikunasa. "Huu ni shaba," alisema, akaupima kwa kiganja na kuusikia uzito wake. Shaba haivutwi na sumaku. Chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu hujiumbua hapohapo. Ngozi nayo aliipima kwenye ukingo, pale ilipokatwa: ya kweli ina nyuzinyuzi kama nyama kavu, na ya bandia inaonyesha kitambaa kilichobandikwa plastiki juu. Muuzaji, kijana wa miaka kama 25, alikuwa anatutazama kwa makini.

"Shikamoo mama. Hiyo sumaku inauzwa wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Kwa mafundi redio, kwenye spika mbovu."

Mkanda wa shaba alitupatia kwa 6,000, na alipotufungia kwenye mfuko alisema angetuuzia hivyohivyo hata kabla hajajua. Nilimwamini.

GAUNI LENYE MISTARI

Ilikuwa yapata saa tano tulipolikuta. Lilikuwa limetundikwa nyuma ya magauni mengine, la pamba, lenye mistari myembamba ya buluu na nyeupe, mikono mifupi, mkanda wa kitambaa hichohicho. Kwa nje halikuwa na makeke. Shangazi alilishusha, akaligeuza, akanyamaza.

Alilinyoosha juu ya mapaja yake, akapitisha kidole polepole kama mtu anayesoma msahafu. Mistari ilikutana ubavuni, pande zote mbili, kuanzia kwapani mpaka chini. Kingo za ndani zilikuwa zimefungwa kwa utepe mwembamba ili zisifumuke. Pindo lilikuwa pana, limeshikizwa kwa mshono ambao kwa nje huuoni hata ukitafuta. Karibu na lebo ya saizi palishonwa kifungo cha ziada, kikisubiri wenzake wapotee. Na ndani ya mshono wa kushoto kulikuwa na lebo ya pili, kitambaa kidogo cheupe chenye maandishi ya buluu na nyekundu.

"Hiyo inasemaje?" aliniuliza.

Ilikuwa lebo ya chama cha wafanyakazi wa nguo za wanawake cha Marekani, ILGWU. Nilimweleza ninayoyajua. Chama hicho kilianzishwa New York mwaka 1900 na watu wa cherehani, wengi wao wahamiaji. Tarehe 25 Machi 1911 moto uliwaka katika kiwanda cha Triangle, kilichokuwa katika ghorofa za juu za jengo moja la mji huo. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Walikufa wafanyakazi 146, wengi wao wasichana wa Kiyahudi na Kiitaliano, na baadhi walijirusha madirishani. Kutokana na msiba huo sheria za usalama kazini zikabadilishwa, na chama kikapata nguvu. Miaka mingi baadaye kilikuwa kinashonea lebo hii ndani ya kila nguo iliyotengenezwa na wanachama wake, ili mnunuzi ajue aliyeishona ana mkataba na ana msemaji. Lebo ya rangi hizi ilianza mwaka 1974, na mwaka 1995 chama kiliungana na kingine, jina likaisha. Kwa hiyo gauni lililokuwa mapajani mwa shangazi lilishonwa kati ya miaka hiyo miwili.

Aliisikiliza habari hiyo bila kuondoa macho kwenye mshono. Alikuwa ameshaijua sehemu yake kwa njia nyingine.

"Hili halikushonwa kwa kukimbizwa," alisema. "Huyu mama alikuwa anapumua."

Nimeyafikiria maneno hayo kila siku tangu Jumamosi ile. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza liliporomoka huko Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh, likiwa limejaa viwanda vya nguo. Siku moja kabla, nyufa zilionekana ukutani. Asubuhi yake wafanyakazi waliambiwa warudi kwenye mashine. Walikufa 1,134. Nguo zilizokuwa zinatoka katika majengo ya aina hiyo zilikwenda Ulaya na Marekani, zikavaliwa miezi michache, zikatupwa, na bila shaka nyingine zimefika katika mabelo yetu. Sisi huzishika Karume bila kujua. Shangazi anadai kwamba vidole vyake vinajua: mshono uliokimbizwa unakwenda mrama, uzi umekazwa mno, pindo halina akiba. Hofu ya mtu imebaki ndani ya nguo na tunaivaa.

MWENYE PAMBA, ASIYE NA SHATI

Wafanyabiashara wa siku nyingi tuliozungumza nao walisema jambo moja kwa midomo tofauti: mali imeshuka. Belo la gredi ya kwanza la leo lina nguo nyepesi nyingi, za nyuzi za plastiki, zilizoshonwa zisivuke mwaka. Hawakosei. Kati ya mwaka 2000 na 2015 uzalishaji wa nguo duniani ulikaribia kuongezeka maradufu, na nguo zinavaliwa mara chache zaidi kabla ya kuachwa. Nguo kama lile gauni la mistari ni masalia ya wakati mwingine, na kila belo linalofunguliwa linazipunguza. Nguo isiyouzika huishia jalalani au mtaroni, na plastiki haiozi kama pamba.

Nchi zetu zilijaribu kulifunga lango. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za Dola kwa kilo hadi Dola 2.50. Mwaka 2017 wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani waliilalamikia serikali yao. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ilishikilia wake, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye AGOA, nafuu ya ushuru ya kuingia soko la Marekani.

Sidhani kwamba lango lilikuwa ndilo swali lenyewe. Mama aliyeuza nguo za wajawazito wiki tatu nje ya kliniki amesomesha watoto kwa kazi hii, na yeyote anayetaka kumwondoa sokoni amwonyeshe kwanza mahali pa kukaa. Lakini kuna jambo linaloniuma. Kiwanda cha Urafiki, pale Ubungo, kilijengwa kwa msaada wa China na kikaanza kazi mwaka 1968. Mwanza tulikuwa na Mwatex, Musoma tukawa na Mutex. Pamba ililimwa Usukuma, ikasokotwa, ikafumwa na kupakwa rangi hapahapa. Leo sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje ikiwa ghafi. Huenda nyuzi za gauni lile zilitoka Shinyanga kabla ya kuzunguka dunia na kurudi Mchikichini ndani ya belo. Mashine zilizokufa zinaweza kununuliwa tena siku moja. Ujuzi wa kukata kitambaa ili mistari ikutane haununuliwi. Unatoka mkononi mwa mtu kwenda mkononi mwa mwingine, na mkono ukikatika katikati, umekwisha.

Ndiyo maana soko hili, pamoja na shida zake zote, ni maktaba. Ndani ya malundo yale zimo kazi za mafundi bora wa nusu karne, kutoka nchi ambazo wengi wetu hatutazifikia, na kuzisoma hakuhitaji ada. Kunahitaji mtu wa kukuambia ugeuze ndani.

Tulianza kupatana. Muuzaji, dada mwenye kilemba cha kitenge, alisema 25,000.

"Mwanangu, mimi ni fundi, sio mzungu. Elfu kumi."

"Mama, pamba hiyo. Niwekee ishirini."

"Naijua kuwa ni pamba, ndiyo maana sijasema tano. Kumi na mbili, nikuombee na wateja."

"Malizia kumi na nne, mama yangu, tusigombane."

Wakacheka wote wawili, na 14,000 zikabadilisha mikono.

VIFUNGO

Saa kumi jioni jua lilikuwa limelala juu ya mabati, na nguo zilikuwa zimemwagwa chini. Shangazi alipiga magoti pembeni ya turubai. Hapa hakugeuza kitu. Alikuwa anatazama mistari ya vifungo tu, nguo zikipita mikononi mwake kama kurasa.

Blauzi moja nyeupe ilikuwa imeungua kwa pasi mgongoni, alama ya kahawia yenye umbo la pasi yenyewe. Ilikuwa na vifungo tisa. Alikigusisha kimoja shavuni, akafumba macho. Plastiki hupata joto la mwili mara moja. Gamba la chaza hubaki baridi. Akakigonga kwenye jino, kikalia kama kijiwe. Akakigeuza: nyuma kulikuwa na weusi kidogo wa gamba, upande uliokuwa wa nje. Kwa mbele, ukikigeuzageuza kwenye mwanga, kilipita rangi ya waridi, kijani, fedha.

"Tisa," alinong'ona. "Nilihitaji nane."

Buku. Hakuomba apunguziwe.

Wiki moja baadaye nilipita kwenye kibanda chake Tandika. Gauni la mjukuu lilikuwa limekamilika, vifungo vinane vikishuka mgongoni kama matone, na cha tisa kimeshonwa ndani, karibu na pindo. Nilitegemea kulikuta gauni la mistari limeshapunguzwa na kuuzwa. Lilikuwa ukutani, juu ya mashine, limetundikwa likiwa limegeuzwa ndani nje, mishono yote hadharani. Chini yake wasichana watatu anaowafundisha kazi walikuwa wameinama kwenye vitambaa vyao, na kila baada ya muda mmoja aliinuka, akalishika, akalitazama kwa karibu, akarudi kuketi.

Mdogo wao alikuwa anashona sketi ya shule ya bluu. Nilimwona anapima pindo kwa futi: inchi mbili na nusu. Nikamwuliza kama mteja ndiye aliyeagiza hivyo.

"Hapana," alijibu, bila kuinua macho. "Mtoto atarefuka."